Mghoi na Konokono Mwenye Meno Mlangoni

"Wewe ndiye uliyewala!" alisema Mghoi.

"Mimi?" Maghanga aliruka. "Mimi nile konokono? Kwani mimi ni bata?"

"Basi wako wapi?"

"Sijui!"

"Unajua!"

"Sijui, nimekwambia! Na usinitolee macho!"

Mkebe ulikuwa chini, katikati yao. Mghoi aliutikisa. Kacha, kacha, kacha.

Ndani mlikuwa na maganda ya konokono. Maganda matupu! Wenye maganda hawakuwemo.

Mghoi na kaka yake Maghanga waliishi na Mama na Babu, juu kwenye vilima vya Taita. Huko mashamba yamepangwa kama ngazi. Na kila ngazi ina ukuta wake wa mawe.

Chini ya mawe hulala konokono. Jua likizama, huamka. Hutambaa pole pole hadi kwenye sukumawiki ya Babu.

Nyam, nyam, nyam.

Asubuhi majani huwa na matundu kama chujio la chai.

Kwa hiyo kila jioni Mghoi na Maghanga waliokota konokono. Waliwatia kwenye mkebe. Na kila asubuhi waliwamwagia bata.

Kwaa! Kwaa! Kwaa! Bata walipenda sana asubuhi.

"Jana ilikuwa zamu yako kulisha bata," alisema Mghoi. "Ukasahau."

"Nilisahau, ndiyo," alisema Maghanga. "Lakini kusahau si kula."

Mghoi aliinama juu ya mkebe. Chini kabisa ya mkebe, kitu kilisogea.

Alikuwa konokono mmoja. Mdogo kama harage.

Ganda lake lilikuwa jeupe, linang'aa kama kioo. Mwili wake ulikuwa wa manjano, kama kiini cha yai.

"Ha!" alisema Mghoi. "Wewe umebaki vipi?"

Konokono alitoa pembe zake. Akazirudisha ndani.

Mara wakasikia hatua. Pu, pu, pu. Zilikuwa buti za Babu.

Babu alikuwa mlinzi wa usiku wa shule. Usiku alikuwa macho. Mchana alilala.

Kila jioni, kabla ya kwenda kazini, alivaa koti lake zito. Alichukua tochi yake ndefu. Alisimama mlangoni, akasema:

"Laleni, wajukuu zangu. Mlinzi yuko kazini."

Sasa ilikuwa asubuhi, na Babu alikuwa amerudi. Macho yake yalikuwa mekundu kwa usingizi.

"Shikamoo, Babu," walisema watoto.

"Marahaba. Nimesikia kelele zenu tangu kule kwenye kijito. Kuna nini?"

"Mghoi anasema nimekula konokono," alisema Maghanga.

Babu alimtazama. "Umewala?"

"Babu! Hata wewe?"

Babu alicheka. Kisha akachungulia kwenye mkebe, na kicheko kikakatika. "Bata wangu watakula nini leo? Haya, walau yuko huyu mmoja. Mlete."

Kwaa! Kwaa! Bata walinyoosha shingo.

Mghoi aliufunika mkebe kwa viganja vyake viwili. "Babu, ngoja! Huyu si kama wale wengine."

"Konokono ni konokono," alisema Babu. "Wote wanakula sukumawiki yangu."

"Huyu ni tofauti."

"Tofauti yake nini?"

Mghoi alifungua mdomo. Akaufunga. Akafikiri.

"Sijui bado," alisema. "Lakini nitajua."

Babu alipiga mwayo mrefu. Aaaah! Kofia yake nusura ianguke.

"Sawa," alisema. "Mimi naenda kulala. Nikiamka, uniambie. Ukiwa hujajua, huyo ni wa bata."

Babu aliingia chumbani. Punde kidogo, ukuta ulianza kutetemeka.

Khrrrr... fyuuu. Khrrrr... fyuuu.

"Babu akikoroma, tuna muda," alinong'ona Mghoi. "Akinyamaza, muda umekwisha."

Mghoi alikwenda jikoni. Mama alikuwa amekaa na ungo mapajani. Alikuwa akichambua maharage.

Mazima huku. Mabovu kule. Vijiwe nje, tii!

"Mama, unajuaje lipi ni lipi?" aliuliza Mghoi.

"Natazama," alisema Mama. "Kwanza jicho, kisha mkono. Mkono ukitangulia, utapika mawe."

"Nataka kuchambua konokono. Niazime ungo."

"Kwenye ungo wangu? Wewe! Tukale maharage yenye ute?"

Mghoi hakuondoka. Alisimama pale pale, kama kigingi cha mbuzi.

Mama alimtazama. Akatazama miguu yake iliyokataa kuondoka. Akacheka.

"Chukua ule wa zamani, uliotoboka. Na usiurudishe hapa!"

Mghoi alikaa kivulini nyuma ya nyumba. Aliyamwaga maganda kwenye ungo. Kacha, kacha, kacha.

Maghanga alikaa mbali kidogo. Alikuwa bado amenuna. Lakini shingo yake ilikuwa ndefu, kama ya bata.

Kwanza, Mghoi alitazama umbo.

Maganda mengine yalikuwa bapa na mviringo, kama vifungo vya shati. Aliyaweka huku.

Mengine yalikuwa marefu yenye ncha, kama pilipili. Aliyaweka kule.

Kisha akamchukua yule mdogo wa manjano. Hakuwa bapa kama kifungo. Hakuwa na ncha kama pilipili. Alikuwa mnene katikati, kama pipa.

"Huyu hana fungu," alisema Mghoi.

"Mpe fungu lake," alisema Maghanga kutoka kule mbali. "Kwani mafungu yananunuliwa?"

Mghoi alimweka katikati ya ungo, peke yake. Fungu la pipa.

"Lakini pipa linakula nini?" aliuliza Maghanga.

"Sijui bado," alisema Mghoi. "Lakini nitajua."

Khrrrr... fyuuu, alisema Babu chumbani.

Pili, Mghoi alitazama mlango. Kila ganda la konokono lina mlango. Hapo ndipo konokono anapotokea, na hapo ndipo anapoingilia.

Aligeuza ganda la kifungo. Mlango wake ulikuwa mtupu, laini pande zote.

Aligeuza ganda la pilipili. Mlango wake pia ulikuwa mtupu, laini pande zote.

Akamgeuza yule wa pipa. Taratibu. Konokono alijikunja ndani, fyu!

Mghoi alisogeza jicho karibu. Karibu zaidi. Karibu kabisa, hadi kope zikagusa ganda.

"Maghanga," alisema polepole. "Ana meno."

"Muongo!"

"Meno, mlangoni! Madogo, meupe. Njoo uone."

Maghanga alisahau kununa. Alikuja mbio. Alifumba jicho moja, akachungulia kwa la pili.

"Eeh! Meno kweli! Basi ni huyu! Amewatafuna wenzake kwa meno haya! Tumempata mwizi, twende tukamwambie Babu!"

Alitaka kukimbia. Mghoi alimshika shati.

"Ngoja. Kwanza jicho, kisha mkono."

"Sikutaja mkono. Nataka kwenda kwa miguu!"

"Na miguu pia ingoje."

Mghoi alichuma kijiti cha nyasi, chembamba kama uzi. Aligusa jino moja. Halikusogea. Aligusa la pili. Halikusogea.

"Meno haya hayatafuni," alisema. "Ni sehemu ya ganda. Ni kama komeo. Yanazuia wageni wasiingie."

"Basi si yeye aliyewala?"

"Sijui bado. Lakini..."

"Lakini utajua," alisema Maghanga. "Haya. Tufanye nini?"

Mghoi aliinua vidole vyake. "Tumetazama umbo. Tumetazama mlango. Sasa tutazame anachokula."

Maghanga alileta jani la sukumawiki, bichi, lisilo na tundu hata moja. Waliliweka kwenye ungo.

Walingoja. Konokono hakuligusa.

Walileta kipande cha ndizi mbivu. Walingoja. Konokono hakukigusa.

Walileta ugali. Walingoja. Konokono hakuugusa. Maghanga aliugusa. Ukaisha.

"Maghanga!"

"Nilikuwa naonja kama umeharibika."

Khrrr... fyu. Khrr... fyu. Mkoromo wa Babu ulikuwa unapungua.

"Pengine ni mgonjwa," alisema Maghanga.

Mghoi alifikiri. Konokono hawapendi jua. Konokono wanapenda nini? Wanapenda ukungu. Wanapenda umande. Wanapenda jioni.

"Tumpe jioni," alisema Mghoi.

Walikata jani la mgomba. Waliufunika ungo, ndani kukawa na giza. Mghoi alichovya vidole kwenye maji, akanyunyiza. Cha, cha, cha.

"Sasa tumletee mwenzake. Aliye hai."

Maghanga alikimbia ukutani. Aliinua jiwe. Alirudi na konokono bapa kama kifungo, kahawia, mwenye mwili wa kijivu kama tope.

Walimweka upande mmoja wa ungo, kwenye jani la sukumawiki. Yule wa pipa alikuwa upande wa pili.

Walilala kifudifudi. Waliinua ncha ya jani la mgomba. Wakachungulia.

Kifungo alitoa kichwa. Akatembea kidogo, akiacha njia ya ute inayong'aa. Kisha akaanza kula sukumawiki. Nyam, nyam, nyam.

"Mwizi huyo hapo," alinong'ona Maghanga.

"Shhh!"

Pipa alitoa pembe zake za manjano. Akazielekeza huku. Akazielekeza kule. Akaanza kutambaa.

Alitambaa hadi akaigusa njia ya ute. Akasimama. Kisha akaifuata. Pole, pole, pole.

"Anamfuata," alinong'ona Mghoi.

Khrr... fyu. Kh... fyu.

Pipa alipita kwenye jani la sukumawiki. Hakulionja hata kidogo. Alikwenda moja kwa moja kwa Kifungo.

Kifungo alishtuka. Akajificha ndani ya nyumba yake, fyu!

Lakini mlango wake ulikuwa mtupu. Haukuwa na komeo.

Pipa akaingiza kichwa.

"Ameingia!" Maghanga alijifunika mdomo. "Ameingia nyumba ya mtu bila kubisha hodi!"

Na hapo hapo, chumbani, kukawa kimya.

Hakuna khrrr. Hakuna fyuuu.

Babu ameamka.

Pu, pu, pu. Buti zilikuja nyuma ya nyumba. Bata walikuja nyuma ya buti. Kwaa! Kwaa! Kwaa!

"Haya, Mghoi," alisema Babu. "Umejua?"

"Karibu, Babu! Karibu kabisa!"

"Karibu kujua si kujua. Bata wana njaa." Babu aliufunua ungo, akanyoosha mkono.

Mghoi aliuweka mkono wake juu ya mkono wa Babu. Mkono wa Babu ulikuwa mkubwa. Wa Mghoi ulikuwa mdogo. Lakini haukuondoka.

"Babu," alisema, "usiku shuleni, ukisikia kitu gizani, unakimbia kukipiga?"

"La! Nikimpiga mwalimu je? Nangoja. Namulika. Natazama kwanza."

"Basi ngoja. Tazama kwanza."

Babu alimtazama mjukuu wake. Kisha akachuchumaa. Magoti yakalia, ko! ko!

"Sawa," alisema. "Kazi ya mlinzi ni kungoja. Tungoje."

Maghanga aliwafukuza bata. Mghoi alinyunyiza maji, cha, cha, cha. Akalirudisha jani la mgomba.

Wakangoja. Kivuli cha nyumba kilirefuka. Mama alitoka jikoni kuona mbona watu wote wamenyamaza. Akachuchumaa naye.

Wakangoja tena.

Mwishowe, Mghoi aliinua jani.

Pipa alikuwa ametoa kichwa mlangoni mwa Kifungo. Alitambaa pembeni. Alikuwa mzito. Alikwenda kama mtu aliyetoka harusini.

Mghoi alichukua ganda la Kifungo. Aliligeuza. Aliligonga kiganjani. Tk, tk.

Hapakuwa na kitu ndani.

"Amemla!" alisema Mama.

"Ndiyo," alisema Mghoi. Sasa alisimama wima. "Babu, umeniuliza tofauti yake. Sasa najua."

Aliinua kidole cha kwanza. "Tazama umbo. Ni kama pipa."

Aliinua cha pili. "Tazama mlango. Una meno."

Aliinua cha tatu. "Tazama anachokula. Hali sukumawiki. Anakula wanaokula sukumawiki!"

Babu alichukua lile jani la sukumawiki. Aliliinua juani. Lilikuwa na matundu upande wa Kifungo tu. Upande alikopita Pipa lilikuwa zima.

Babu aligeuka. Alitazama shamba lake, na majani yake yenye matundu.

"Na sisi," alisema taratibu, "kila asubuhi tunawamwagia bata konokono wote. Wezi na walinzi, pamoja."

Mghoi aliinamisha kichwa. Yeye pia alikuwa amewamwaga, asubuhi nyingi.

Babu aliuinua uso wa Mghoi kwa kidole kimoja. "Hatukujua. Usilolijua ni kama usiku wa giza. Na mimi mwenye tochi nzima, sikumulika! Wewe umemulika."

"Ehem," alisema Maghanga.

Wote walimtazama.

"Kuna mtu leo asubuhi aliambiwa amekula konokono."

Mghoi alijikuna shingo. "Nisamehe, Maghanga. Hukuwala."

"Sikuwala."

"Ulikula ugali tu."

"Ugali tu," alisema Maghanga. Wakacheka wote, hata Mama, hata Babu. Bata nao wakacheka kwa lugha yao. Kwaa! Kwaa!

Jioni ile watoto waliokota konokono kama kawaida. Lakini hawakuwatia moja kwa moja kwenye mkebe. Waliwaweka kwanza kwenye ungo uliotoboka.

Babu alileta tochi yake ndefu. Alimulika mlango mmoja mmoja.

"Huyu?" aliuliza.

"Kifungo. Mlango mtupu," alisema Mghoi. "Mkebeni."

"Na huyu?"

"Pilipili. Mlango mtupu. Mkebeni."

"Na huyu mwembamba hapa?"

Mghoi alimgeuza. Akatazama. Akamgeuza tena. Hakuwa kifungo, hakuwa pilipili, hakuwa pipa.

"Sijui bado," alisema.

"Lakini utajua," alisema Babu. "Mweke pembeni. Asiguswe na bata."

Ukutani, kati ya mawe mawili, Mghoi alimrudisha konokono wake wa manjano. Alimweka mahali penye unyevu, chini ya sukumawiki iliyotoboka kuliko zote.

"Fanya kazi," alimwambia.

Konokono alitoa pembe zake. Mara hii hakuzirudisha.

Ukungu ulishuka vilimani. Mama aliwaosha watoto miguu. Aliwafunika blanketi moja, la wote wawili.

"Usivute," alisema Maghanga.

"Sivuti. Wewe ndiye unayevuta."

"Mghoi, yule mwembamba anakula nini?"

"Nitajua kesho," alisema Mghoi. Macho yake yalikuwa yanajifumba.

Pu, pu, pu. Buti zilikuja hadi chumbani. Babu alikuwa amevaa koti lake zito. Tochi ilikuwa mkononi.

Alisimama mlangoni. Alitazama nje, kule kwenye ukuta wa mawe. Kisha akawatazama wajukuu zake.

"Laleni," alisema. "Leo walinzi tuko wawili."